Vyungu Ambavyo Esteria Hakuvifinyanga

Tharsisi alikuwa mchuuzi wa baiskeli, na wachuuzi wa baiskeli wanapenda kushukuriwa. Asubuhi moja ya kiangazi cha mwaka 1975 aliegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wa nyumba ya Esteria, katika kijiji kipya kilichopangwa kando ya barabara itokayo Kasulu kwenda Kibondo, akapiga hodi, akakaribishwa, akakaa akingoja shukrani. Shukrani hazikuja. Mwishowe akauliza mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyekwazika kidogo, kama ile sabuni ilikuwa nzuri.

Esteria akamuuliza sabuni gani.

"Ile niliyokuachia kule bondeni, pamoja na chumvi," Tharsisi akasema. "Au nayo hutaki tuizungumzie?"

Akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa mwenyeji wake ulivyozidi kukauka. Tangu Pasaka, alisema, kila anapopita njia ya mkato chini ya kilima cha Heru Juu humkuta Esteria kwenye bonde lake la zamani la udongo, amekaa akiipa njia mgongo, anakanda. Humsalimia na haitikiwi. Yeye hakuona vibaya, maana mjane ana yake moyoni. Kando ya njia hukuta vyungu vimepangwa kwenye majani. Huvichukua, huacha chumvi, sabuni, siku nyingine mafuta ya taa. Akirudi hukuta vitu vimeondoka na vyungu vingine vimewekwa. Sokoni Kasulu vinakwenda haraka, na watu wanasema Esteria amefufuka.

Esteria alikuwa ameketi kwenye mkeka ambao alikuwa habanduki juu yake kwa muda wa mwaka mzima. Kilima kile hakuwa amekikanyaga tangu siku ya malori ya kuwahamisha. Alitaka kucheka, akamtazama Tharsisi vizuri, akaona mtu hatanii.

Sasa huyu Esteria alikuwa nani? Alizaliwa juu ya kilima kile, akaolewa juu ya kilima kile, na kama malori yasingekuja angezikwa juu ya kilima kile bila kunung'unika. Ufinyanzi alifundishwa na bibi yake akiwa mtoto mdogo: kuchimba udongo wa kijivu bondeni, kuutoa mizizi, kuuchanganya na vigae vilivyotwangwa, kuukanda mpaka uache kung'ang'ania mkono. "Udongo uwahi ungali maji," bibi alikuwa akimwambia, na wala hakuwa anampa mafumbo ya malezi. Alikuwa anazungumzia udongo.

Akiwa msichana alijikata kwa mundu kidole gumba cha kulia, na kovu likabaki limekipasua kidole katikati. Basi kila chungu alikimalizia kwa kubonyeza gumba hilo chini ya mdomo wake, na ile alama ya kidole chenye mstari ikajulikana toka Titye mpaka Muyama. Alisifiwa, naye alipenda sifa. Nioneshe mfinyanzi asiyezipenda. Alikuwa mkali vilevile. Mteja aliyethubutu kuuliza kama chungu hakitavuja aliambiwa akanunue kwa mwingine. Mumewe Benedicto, mtu mpole kuliko maji ya mtungini, alimbebea udongo kutoka bondeni miaka yote na kumsikiliza akiulalamikia.

Benedicto alikufa kwa homa msimu wa mvua, akazikwa kwenye migomba yake. Mwaka haukupita, likaja agizo la kuhamia vijijini. Malori yalipanda kilima mchana kweupe. Vyungu alivyofinyanga kwa msimu mzima vilipakiwa na vijana wenye haraka, juu yake wakatupia vitanda na kufunga mbuzi, na lori liliposhuka mteremko Esteria alikuwa ndani yake, akivisikiliza vikipasuka kimoja baada ya kingine. Barabarani hakushusha hata kimoja kilicho kizima. "Mfinyanzi hulia gaeni," majirani walimtania, wakitaka angalau atabasamu. Hakutabasamu. Alitandika mkeka akakaa.

Hakuwa mgonjwa. Alilima kidogo, akapika kidogo, salamu aliitikia. Lakini ile hamu iliyokuwa ikimwamsha kabla ya jogoo ilikuwa imemtoka, tena imetoka bila kuaga. Majirani kwanza walimhurumia, kisha wakamshauri, kisha wakamsema, na huo ndio mwendo wa majirani. Mwenyewe aliona aibu, na aibu haikumsaidia kitu. Kila jioni alijiahidi kwamba kesho atakwenda kuchimba udongo. Kesho ikifika aliishia kuitazama mikono yake iliyolala magotini, asijue itumwe nini.

Kwa hiyo maneno ya Tharsisi yalimpiga mahali pabaya. Alimwambia aondoke na uchuuzi wake na uongo wake. Tharsisi akaondoka amenuna. Lakini lisemwalo lipo. Siku chache baadaye jirani yake Ernesta, ambaye bado alikuwa akipanda kilimani kuchimba mihogo kwenye shamba lake la zamani, alipita mlangoni na kusema anafurahi kumwona amerudia kazi, ila si vizuri kuwanyamazia watu wa nyumbani. Esteria akamuuliza alimwona lini. Asubuhi ile ile, Ernesta akajibu. Kwa nyuma, lakini angewezaje kukosea? Alikuwa amevaa kile kitenge chake cha bluu chenye ndege.

Kitenge hicho Esteria alikiacha kilimani. Kilibaki kwenye msumari, ukutani, kwa sababu Benedicto ndiye aliyemnunulia na siku ile hakuwa na moyo wa kukigusa.

Akafunga mlango mapema siku hiyo. Bibi yake alikuwa na msemo kwamba mtu akionekana mahali ambapo hayupo, mmoja kati ya wale wawili hana siku nyingi. Alikuwa akiwatishia wajukuu wasizurure, na Esteria alikuwa ameucheka msemo huo utoto wake wote. Sasa alijishika mkono kuona kama una joto. Aliogopa, na nitasema wazi, aliona wivu pia. Yeye yuko hapa mkekani na makunyanzi yake, na huko mwenzake anachimba, anakanda, anachoma, anasifiwa sokoni. Kama kazi imeondoka ikaenda zake, huyu aliyebaki ni nini?

Pengine angebaki na swali hilo mpaka limmalize, lakini alikuwa na binti.

Immakulata, mtoto wake wa mwisho, alikuwa ameposwa na watu wa Muyama, na harusi ilikuwa imebakiza wiki chache. Katika ukoo wa Esteria msichana huondoka kwao na mtungi wa pombe ya ndizi uliofinyangwa na mama yake, na mama mkwe ndiye wa kwanza kuonja. Dada zake wote walisindikizwa na mitungi hiyo. Yeye alipoulizia wake, mama yake alimjibu kwamba madukani kuna ndoo. Kwa binti wa mfinyanzi lile lilikuwa kama kuambiwa hana mama, na msichana alilia, akaenda kukaa kwa shangazi yake Kasulu mjini.

Jumapili ile alirudi, amebeba kichwani chungu alichokinunua sokoni, uso unang'aa.

"Mama, kumbe unafinyanga," alisema. "Kwa nini ukanificha?"

Akamwekea mapajani. Esteria akakigeuza taratibu. Tumbo lilikuwa la vyungu vyake, shingo ilikuwa yake. Mdomo ulikuwa umepinda kidogo na moto haukushika vizuri upande mmoja, kana kwamba yeye mwenyewe amekifinyanga akiwa amefumba macho. Na chini ya mdomo palikuwa na alama ya gumba, na katikati ya alama palipita mstari wa kovu. Alikilaza kidole chake pale ndani. Kilikaa.

Immakulata alikuwa anaendelea kuongea kwa furaha. Alitaka kujua mtungi wa harusi utakuwa tayari lini, maana shangazi ameshaanza kuivisha ndizi.

"Sijui," Esteria akasema. "Nitamuuliza."

"Utamuuliza nani, mama?"

Esteria akakiweka chungu mkekani. Kulipokucha alijifunga kaniki yake nyeusi na kuanza kupanda kilima.

Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali alipofika kwenye nyumba za mwanzo. Nyumba nyingi zilikuwa zimeezuliwa ili watu wasishawishike kurudi, na kuta zilisimama wima na milango iliyo wazi, majani yamefika kiunoni. Ndani ya nyumba ya shemeji yake mpapai ulikuwa umeota penye kitanda. Kwa mazoea aliisalimia nyumba ya kwanza, "Mwakeye," kama alivyosalimia kila asubuhi ya maisha yake, kisha akashtushwa na sauti yake mwenyewe. Hapakuwa na jogoo wala mchi wala mtoto anayelia. Ulikuwa mchana, na watu husema mambo ya kutisha ni ya usiku. Esteria aligundua kwamba mchana ni mbaya zaidi, kwa sababu unaona vizuri kwamba hakuna mtu.

Akapita kwenye migomba kumwona Benedicto. Kaburi lilikuwa limefagiwa. Mistari ya ufagio ilikuwa bado mipya kwenye vumbi.

Hapo ndipo alipoisikia. Ilitoka bondeni, sauti ya udongo ukipigwa juu ya jiwe: unapigwa, unageuzwa, unapigwa, kisha kimya kidogo kama mtu anayevuta pumzi. Kimya kile alikijua. Kilikuwa chake. Alikizoea tangu alipokatwa na mundu, kwa sababu kidole kilimuuma kila alipougeuza udongo, na hata maumivu yalipokwisha mkono ulikuwa umeshazoea kungoja. Hakuna mfinyanzi mwingine aliyekanda hivyo. Miguu yake ilitaka kurudi barabarani, naye akailazimisha kushuka.

Mwanamke alikuwa amekaa kwenye jiwe la kukandia, amevaa kitenge cha bluu chenye ndege. Mtu hajawahi kuuona mgongo wake mwenyewe, Esteria aliuona. Aliyaona mabega yake yakipanda na kushuka, akaiona shingo ikiinama upande wa kulia, na akafikiri, kwa utulivu uliomshangaza, kwamba kumbe hivi ndivyo alivyoonekana kila Benedicto alipomjia na kapu la udongo. Machozi yakamlenga. Angeweza kugeuka akaenda, akamwachia yule mwingine kazi, jina, na mtungi wa Immakulata. Angerudi mkekani akamalizikie huko.

Kisha akaitazama mikono. Mwanamke alikuwa ameanza kusokota kamba ya udongo ya kuanzia chungu, na ndani ya kamba hiyo ulionekana mzizi, mrefu kama ujiti wa kiberiti. Akaupitia. Hakuutoa. Akaendelea kusokota.

"Udongo huo una mizizi," Esteria akasema, na ilikuwa sauti yake ya zamani, ile ya kufukuza wateja. "Ukichoma utapasuka."

Mwanamke akageuka. Alikuwa kijana, uso wa mtu asiyemjua kabisa. Alipomwona Esteria alianguka magotini akajifunika uso kwa mikono yenye udongo.

"Mawe, usinichukue," alisema, na kwao mawe ni mama. "Kaburi la mzee nalifagia. Sikula kitu chako bila kukuomba."

Ilichukua muda kumtoa mikono usoni. Aliongea Kirundi, na Kirundi na Kiha cha Esteria ni watoto wa nyumba moja, hivyo walielewana. Jina lake Kezia. Mwaka 1972 alivuka mpaka na mumewe Nsabimana wakikimbia mauaji, na Nsabimana akafia njiani. Wenzake walipopakiwa kwenye malori kupelekwa makazi ya mbali, upande wa Tabora, yeye alijificha kwenye mtama, maana kwenda mbali zaidi kulikuwa kumwacha Nsabimana peke yake. Alihangaika vichakani na kwenye mashamba ya watu, mpaka alipokuta kilima kitupu. Nyumba nyingi hazikuwa na paa; hii ya Esteria ilikuwa ya mwisho na waliochoka kuezua waliiacha. Akaingia. Watu walipopita aliwapa mgongo na kunyamaza, kwa hofu kwamba akifungua mdomo lafudhi itamsaliti.

"Kwa nini uliniomba radhi kana kwamba mimi ni mfu?" Esteria akauliza.

"Nilikuta mtungi umepinduliwa mlangoni, mawe. Nikajua mwenye nyumba amekufa."

Esteria akakaa chini. Ulikuwa mtungi wa mwisho, uliokosa nafasi kwenye lori. Aliupindua yeye kwa mikono yake, na siku zote alijiambia kwamba aliupindua usijae mvua. Lakini alizaliwa kwenye vilima hivi. Alijua mtungi uliopinduliwa mlangoni unasema nini, bibi yake alikuwa ameupindua wa mama yake alipofariki. Alikuwa amejitangazia kifo, kisha akapanda lori akaenda kukikalia mkekani, na mpita njia wa kwanza alikuwa ameamini.

Kezia akaendelea, sasa kwa sauti ya kujitetea. Kwao, alisema, ukilala katika nyumba ya fundi aliyekufa huwezi kuviacha vyombo vyake vipoe. Unaendeleza, hata kama hujui, na unaweka alama yake ili sifa zimfuate aliko. Alama aliiona kwenye vigae vilivyotapakaa uani. Alibonyeza gumba lake, na ule mstari aliuchora kwa ujiti wa nyasi.

Esteria akacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu Benedicto alazwe kwenye migomba, na kilimtoka kibaya, kikimkwaruza koo. Ujiti wa nyasi! Na yeye aliyelala macho siku zote hizo! Akaunyakua ule udongo, akaukatakata, akaanza kuuchambua mizizi huku akigomba: nani alimwambia vigae vinatwangwa vikubwa hivi, na mdomo wa chungu kwa nini unaelekea Burundi. Kezia alimtazama akigomba, akanyoosha kidole polepole, akamgusa mkono. Ulikuwa wa moto, na unatoka jasho. Naye akaanza kulia, safari hii si kwa hofu.

Wakafanya kazi. Esteria alimwambia kwamba wakimaliza watashuka wote kijijini, na akiulizwa na balozi wa nyumba kumi aseme ni mdogo wake. Balozi mwenyewe alikuwa amekula kwenye vyungu vya Esteria tangu ananyonya, asingekuwa na uso wa kubisha. Kezia alisogea karibu zaidi. Udongo ulikuwa unakubali. Mikono ya Esteria iliuma kwa uzembe wa mwaka mzima, na maumivu yale aliyafurahia. Akaanza kitako kipana, kipana kuliko cha chungu cha kupikia, na hakumwambia Kezia ni cha nini.

Ndipo jambo moja likamjia.

"Alama uliiona kwenye vigae," alisema. "Lakini kukanda? Kupiga, kugeuza, kupumzika vile? Vigae havifundishi. Nani alikufundisha?"

Kezia akamshangaa.

"Wewe, mawe."

"Mimi nani?"

"Wewe. Ulikuja kila asubuhi." Alionyesha kwa kidevu upande wa pili wa jiwe. "Ulikaa pale, ukakanda, nami nikakufuatisha. Hukuniangalia. Mikono yako ilikuwa haishiki udongo wowote, ilikuwa inakanda tu. Ulikuwa na kaniki hiyo hiyo. Leo ndiyo mara ya kwanza umesema."

Esteria aliitazama kaniki yake. Aliinunua barabarani, baada ya kuhama. Kabla ya asubuhi hii haikuwahi kufika kilima hiki. Akatazama upande wa pili wa jiwe. Nyasi za pale zilikuwa zimelala, zimebanwa kama zinavyobanwa na mtu anayekaa mahali pamoja siku nyingi, na ardhi mbele yake ilikuwa na vishimo viwili vya magoti. Upepo haukuwapo. Akasikiliza, kama anayengoja kusikia mtu akishuka kutoka kwenye migomba.

Hakushuka mtu. Udongo mkononi mwake ulikuwa unaanza kukauka.

Esteria akainuka, akazunguka jiwe na kile kitako kipana mikononi, akaketi palepale kwenye nyasi zilizolala. Magoti yake yaliingia kwenye vishimo bila kutafuta.

"Akija kesho," alimwambia Kezia, "mwambie apumzike. Mtungi wa mwanangu naufinyanga mwenyewe."